Tano Tisa, Tatu Saba

Hapa Wete salamu ni safari.
Nikitoka kununua uzi kwa Mbarouk
napita baraza tano,
na kila baraza ina shikamoo yake,
ina mgonjwa wake wa kuulizwa,
ina mbuzi aliyezaa juzi, sijapata habari.
Narudi jua limeshageuka
na uzi nimeusahau.

Ndiyo maana saa ya kwanza ya mashindano
nilijiaibisha.

Ilikuwa saa tisa ya usiku.
Dunia imejaa kwenye hedifoni,
Wajapani, Waitalia, Mbrazili mmoja kama jogoo,
wote wanakiita kisiwa changu kwa mpigo mmoja.
Nikamshika wa kwanza nikamwambia:
salama huko, mimi Mwatime wa Pemba,
nakusikia vizuri mno, nakupa tano tisa,
narudia, tano tisa, tafadhali andika,
na zoni yangu ni tatu saba, narudia…

Makame akachomoa waya.
"Umewasimamisha watu arubaini mlangoni," akasema,
"unamkaribisha mmoja chai."

Makame hutengeneza simu Chake Chake.
Maneno hana mengi,
na hayo machache huyauza kwa bei.
Akaniandikia nyuma ya risiti ya umeme:

*Usimsomee jina lake mara mbili. Analijua.*
*Ukinasa herufi mbili, zitaje hizo mbili.*
*Usiulize "nani wewe?" Watakujibu wote.*
*Usigune.*
*Usiseme karafuu panapotakiwa kilo.*

Hili la mwisho liliniuma.
Nilikwisha kuzipanga herufi zangu kitandani,
karafuu, Misali, Wingwi, zimekaa kama shanga.
Lakini Mjapani wa watu
karafuu ataiandika kwa herufi gani?

Nikachomeka waya.
Pedali ya kusemea ni ya cherehani yangu,
niliifunga mwenyewe kwa risasi na koleo.
Miaka kumi na tisa mguu huu unaikanyaga,
unajua kuanza, unajua kukoma.
Nikajiambia: Mwatime, hiki ni kitambaa tu.
Ingia, toka, kata uzi.

Tano tisa, tatu saba.
Asante. Alama yangu. Kimya.
Anayefuata.

Alfajiri, sekunde kumi kwa mtu.
Adhuhuri, sita.
Magharibi umeme ukaondoka na feni,
tukahamia betri ya gari ya Seif,
jasho linaingia machoni, mimi nasema vilevile,
kwa sauti ya kumwambia mtu aliye upande wa pili wa meza.
Mwenye kupiga kelele, kesho yake hana koo,
na bado kuna kesho yake.

Usiku wa pili, chini ya rundo,
nikasikia kitu chembamba,
uzi unaotafuta tundu la sindano.
*Tango*, basi.
Nikasema: Tango peke yake.
Na wale wengine, wenye mitambo ya kutikisa bati,
wakanyamaza.
Nani aliwafundisha watu wasioonana
kunyamaza pamoja?
Mara ya tatu nikampata, herufi zote.
Sekunde ishirini na moja. Makame alitazama saa,
akatazama dari,
hakuandika kitu kwenye risiti.

Basi ikaisha, saa tisa ileile,
daftari limejaa, masikio yanavuma kama mzinga.
Asubuhi nikenda kununua mkate.
Bi Sichana yupo barazani, anapepeta mchele.
"Mwatime! Waamkaje?"
"Tano tisa," nikamjibu, nikapita.

Nilishafika kona ya msikiti
ndipo nikajisikia nilichosema.
Nikarudi, mkate kwapani,
nikavua viatu, nikakaa.
Shikamoo, Bi Sichana. Umelalaje?
Mgongo? Na mjukuu wa Mkoani, kapata kazi?
Na yule mbuzi?
Akaanza kunieleza habari za mbuzi.
Hedifoni zilikuwa bado zinavuma kichwani,
sikumpata vizuri.

Narudia, nikasema. Na yule mbuzi?